Mwalimu mgeni wa Maarifa ya Jamii: umpe mlezi, jumuiya au kambi?

Mwalimu mpya akipangiwa Darasa la Sita katikati ya muhula, hupokea chaki, azimio la kazi la mwenzake aliyehama, na karatasi ya alama za jaribio lililopita. Kwenye karatasi hiyo, upande wa Maarifa ya Jamii, mara nyingi nimeona vilima viwili. Kimoja kina watoto wa 38 hadi 45 kati ya 50. Kingine, kikubwa zaidi, kina watoto wa 12 hadi 18. Bonde la katikati ni tupu. Kwa madaraja ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, maana yake A na B zipo, D zimejaa, C ya kutafuta kwa tochi.

Somo lenyewe linahusu vijiji, mvua, machifu, biashara na ramani, mambo ambayo mtoto anayaona kila siku. Ndiyo maana ofisini huonekana ni somo jepesi la kumtupia mgeni: "Mpe Maarifa ya Jamii, atazoea." Akishapewa ndipo shule huanza kutafuta namna ya kumshika mkono ili kile kilima cha chini kipungue. Mimi ni mwalimu wa taaluma, na katika shule nilizopita njia zilikuwa zilezile tatu: kumkabidhi kwa mwalimu mlezi, kumwingiza kwenye jumuiya ya kujifunza ya MEWAKA (mpango wa mafunzo ya walimu wakiwa kazini), au kumpa vipindi vya ziada na kambi ya darasa la mtihani. Watu na muda havitoshi kufanya zote tatu vizuri kwa pamoja, kwa hiyo lazima kuchagua. Na wengi wetu huchagua kambi kwa sababu ndiyo tuliyoizoea.

Kabla ya kuchagua, msomee mtoto swali

Kuna jaribio dogo linalokula mchana mmoja tu. Chukua watoto kumi wa kilima cha chini na maswali kumi ya mtihani waliokwisha kuufeli. Muite mmoja mmoja pembeni, wenzake wasimsikie. Kwanza asome swali mwenyewe kwa sauti na ajibu. Analokosa, msomee wewe polepole bila kufafanua, ajibu tena. Akikosa tena, muulize jambo lilelile kwa maneno ya nyumbani kwao.

Anayejibu baada ya kusomewa, tatizo lake ni kusoma. Anayejibu ukishabadilisha maneno, tatizo lake ni msamiati wa somo. Asiyejibu kabisa, ama hakufundishwa ama hakuwepo siku hiyo, na hapo fungua daftari la mahudhurio kabla hujamlaumu mwalimu.

Nilimpata hivyo mtoto mmoja wa mfugaji aliyeandika vitu vya ajabu kwenye swali la athari za ufugaji wa kuhamahama. Kusoma alisoma bila kukwama. Nilipomuuliza ng'ombe wakipita sehemu moja kiangazi kizima nyuma kunabaki nini, akanieleza bila kupumua: nyasi zinaisha, njia za mifugo zinageuka makorongo, na wenye mashamba wanakuja na mapanga. Huo ni mmomonyoko wa udongo na migogoro ya ardhi, pointi mbili kamili. Kilichomwangusha ni neno "athari". Alidhani ni "hatari", akaandika habari za simba.

Watoto wa namna hii ni wengi kuliko tunavyokubali kwenye vikao. Mtaala wa 2015 uliweka nguvu za Darasa la Kwanza na la Pili kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na Maarifa ya Jamii yakaanzia la Tatu, kana kwamba kusoma kumeshakamilika. Aliyefika la Tatu akiwa bado anadonoa silabi atakaa miaka akinakili ubaoni asichoweza kukisoma. Daftari lake litakuwa zuri, lenye mistari ya kalamu nyekundu na kila kichwa cha habari mahali pake, na mwalimu mgeni atadanganyika na daftari hilo. Tathmini za Uwezo, zilizokuwa zikifanyika majumbani Tanzania, Kenya na Uganda, zilipima kusoma kwa ngazi, kuanzia vipande vya neno hadi hadithi. Mwalimu wa Darasa la Sita anaweza kutumia ngazi hiyohiyo kwa aya moja ya kitabu chake cha Maarifa ya Jamii.

Jaribio likishakuambia tatizo liko wapi, ndipo zile njia tatu zinaweza kuwekwa ubavuni:

| | Mwalimu mlezi | Jumuiya ya kujifunza | Vipindi vya ziada na kambi |
|---|---|---|---|
| Inafaa zaidi kwa | kusoma, na namna ya kuendesha darasa | msamiati na mada ngumu | mazoea ya mtihani |
| Inahitaji | mtu mmoja aliyepunguziwa kazi | saa moja ya pamoja, mwezeshaji makini | jioni, Jumamosi, chakula |
| Anayefaidika kwanza | mwalimu | walimu wote wa somo | mtoto anayekaribia kufaulu |
| Inapoharibika | mgeni anarithi mabaya ya mlezi | inageuka kikao cha kusaini mahudhurio | pengo linapanuka |

Mlezi

Mlezi ana kitu ambacho njia nyingine hazina: anaingia darasani. Mgeni hawezi kujiona. Mwalimu mmoja kijana niliyekuwa namtembelea aliamini anauliza maswali darasa zima. Mlezi wake alichora madawati kwenye karatasi, akaweka alama kila mtoto alipoitwa kujibu. Kipindi kilipoisha, alama zote zilikuwa kwenye safu mbili za mbele na dawati moja la dirishani. Hakumhubiria chochote, alimpa tu ile karatasi. Wiki iliyofuata alama zilifika nyuma.

Mlezi pia ndiye mwenye mifano. Chukua longitudo. Kitabu kinasema nyuzi 15 ni saa moja, mgeni anaandika kanuni ubaoni, anakokotoa saa za London, kilima cha juu kinapata na cha chini kinasinzia. Madam mmoja mzoefu alimwambia mgeni wake aiache London kwanza, aanzie kwenye futari: kwa nini redio ya Dar es Salaam ikiadhini magharibi, aliyeko Kigoma bado analiona jua? Dar iko karibu nyuzi 39 mashariki, Kigoma karibu nyuzi 30. Tofauti ni nyuzi 9, kila nyuzi ni dakika 4, jumla dakika 36 za kusubiri tende. Kila mtoto mwenye ndugu anayefunga alikuwa na la kusema. (Saa yetu rasmi imefungwa kwenye nyuzi 45 mashariki, mstari usiopita hata kwenye ardhi ya Tanzania. Hilo waachie wale wa kilima cha juu, watalifurahia.)

Lakini mlezi hurithisha na mabaya. Shule nyingi humchagua mwalimu mwenye A nyingi zaidi, nawe ukiingia darasani kwake unakuta A hizo zinatokana na nukuu ndefu, fimbo, na watoto ambao wangefaulu hata angefundisha nani. Mgeni akikaa naye muhula mmoja atajua kuandika nukuu haraka. Kilima cha chini kitabaki palepale.

Kwa hiyo maoni yangu, ambayo wakuu wa shule wawili wamewahi kuyacheka usoni mwangu: kama jaribio limeonyesha tatizo ni kusoma, mlezi anayemfaa mwalimu wa Maarifa ya Jamii ni mwalimu wa Darasa la Kwanza. Huyo ndiye anayejua kumfanya mtoto asome. Hahitaji kujua Mkutano wa Berlin ulikuwa lini.

Niliwahi kuona hili likifanyika. Madam wa Darasa la Kwanza aliingia kipindi cha la Sita, akakaa nyuma na kitabu cha wanafunzi, akamwachia mgeni mambo matatu tu. Kabla ya somo, andika ubaoni maneno matatu magumu ya siku hiyo na uyakate vipande: m-mo-mo-nyo-ko. Darasa liyasome pamoja, kisha safu kwa safu, kisha aitwe yule ambaye huwa haitwi. Pili, aya ya kitabu isomwe na mwalimu kwanza, watoto wakifuata kwa kidole, ndipo wasome wawili wawili. Tatu, nukuu ya ubaoni isizidi sentensi tano, na kila mtoto amsomee jirani yake sentensi moja kati ya hizo kabla kengele haijalia. Mgeni alilalamika kwamba hatamaliza mada. Kweli alichelewa, mada mbili nyuma ya azimio la kazi. Lakini kipindi cha kunakili kilipofupishwa alizifidia zote mbili kabla ya muhula kuisha, maana zile nukuu ndefu ndizo zilizokuwa zinakula muda wake.

Gharama ya mlezi ni moja na wakuu hawapendi kuilipa: mpunguzie kitu. Mwondoe kwenye zamu ya wiki, au mpe mtu mwingine daftari la stoo. Mlezi asiyepunguziwa kazi huishia kumsalimia mgeni korido na kumuuliza, "Unaendeleaje?"

Jumuiya ya kujifunza

Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA kwa kifupi, yameleta shuleni utaratibu wa walimu kukaa pamoja hapohapo kazini, badala ya kusubiri semina ya wilayani yenye posho. Utaratibu ni mzuri, ila kukaa pamoja peke yake si kujifunza. Nimehudhuria vikao ambamo mtu alisoma moduli kwa sauti, wengine wakasahihisha madaftari chini ya meza, tukasaini, tukaondoka.

Kuna kingine, ambacho sijakiona kimeandikwa kwenye miongozo. Mgeni mwenye miaka 24 akikaa na watu anaowaamkia shikamoo, hatasema kwamba haelewi namna ya kufundisha kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha miinuko. Atanyamaza, atanukuu. Dawa tuliyoipata ni kutomwomba aseme. Tulimwomba alete madaftari sita: mawili ya kilima cha juu, manne ya cha chini. Mazungumzo yakawa juu ya madaftari, na mwenye aibu ya kusema akawa ndiye mwenye ushahidi mezani.

Siku hiyo mada ilikuwa Vita vya Majimaji. Maswali mawili yalikuwa yameulizwa kwa wiki tofauti: sababu za vita, na kwa nini njaa kali ilifuata baada ya vita. Madaftari manne ya chini yalijibu yote mawili kwa orodha ileile: kodi, kazi za shuruti, kilimo cha pamba. Tukaenda kuchukua madaftari ya mkondo wa pili, unaofundishwa na mwalimu mwenye miaka mingi kazini. Hali ileile. Mlezi mmoja asingeyaona hayo, kwa sababu naye darasani kwake yapo na ameshayazoea. Macho matano juu ya meza moja yaliyaona kwa dakika kumi.

Tukapanga kipindi pamoja. Kadi za maboksi ya sabuni, kila moja na tukio moja: Wajerumani wanalazimisha mashamba ya pamba, Kinjikitile wa Ngarambe anagawa dawa ya maji, mafuta ya mbarika na mbegu za mtama, Wamatumbi wanang'oa pamba, Julai 1905, Kinjikitile ananyongwa mwezi uliofuata, Wajerumani wanachoma mashamba na maghala, njaa. Kazi ya watoto ni kuzipanga na kueleza kila kadi imeletwa na ipi. Mwalimu mmoja alifundisha, wengine tukaangalia watoto wa nyuma tu, wale wa mbele tukawaacha. Mtoto aliyeishika kadi ya maghala mkononi hakuandika tena "kodi" kwenye swali la njaa. Mwenye miaka mingi kazini naye aliondoka na zile kadi, jambo ambalo asingekubali kulipokea kutoka kwa mgeni peke yake.

Shule yenye mwalimu mmoja tu wa somo haiwezi kufanya hivi ndani, na itabidi kusubiri klasta, yaani kikao cha kundi la shule jirani. Hapo fikiria nauli, na fikiria vipindi atakavyoviacha. Kama shule jirani iko mbali, mlezi wa ndani atamfaa zaidi.

Kambi

Sitaitukana kambi. Ina kazi yake, na ni ya wiki za mwisho. Mtoto ambaye hajawahi kuweka kivuli kwenye fomu ya OMR, ile ya majibu inayosomwa na mashine, anaweza kujua jibu na bado akalipoteza kwa kuruka mstari mmoja. Kupangilia muda, kusoma machaguo yote kabla ya kuchagua, haya hufundishwa kwa mazoezi na kambi huyafundisha vizuri.

Tatizo ni nani anayekuja. Ada za elimumsingi ziliondolewa tangu 2016, lakini kambi ina chakula, na chakula kina wazazi wa kukichangia. Jioni anabaki anayekaa karibu na shule. Binti anayesubiriwa nyumbani na ndoo za maji haji, na wa kitongoji cha mbali haji. Waliokuja wanapanda, wasiokuja wanabaki, wastani wa shule unapanda, tunapongezwa, na vile vilima viwili vimesogea mbali zaidi. Ukiipima kambi kwa wastani utaipenda daima. Ipime kwa watoto wako kumi wa lile jaribio.

Kwa mwalimu mgeni ina kasoro ya ziada. Akianzia hapo, ataamini kufundisha Maarifa ya Jamii ni kupitia maswali ya miaka iliyopita, na imani hiyo itachukua miaka kumtoka.

Ningechagua nini

Shule ndogo ya kijijini, walimu sita au saba, na jaribio limeonyesha kusoma: mlezi wa Darasa la Kwanza, wiki nane, vipindi viwili kwa wiki, na kambi isubiri. Wiki ya nane rudia jaribio kwa watoto walewale kwa maswali mapya. Kama idadi ya wanaohitaji kusomewa haijashuka, badilisha mlezi.

Shule ya mjini yenye mikondo minne na walimu watatu wa somo: jumuiya kwanza, madaftari mezani, mlezi wa kuingia darasani mara moja moja. Huko watoto wengi husoma vizuri, wanakwama kwenye maneno na kwenye kujibu swali lisilo lao.

Shule ya sekondari ya kata ni habari nyingine. Hapo lugha ya kufundishia inageuka Kiingereza, na mtoto aliyepata 40 kwa Kiswahili anaanza upya kwenye kilima cha chini. Kenya mgeuko huo huja mapema zaidi, gredi ya 4, gredi ileile ambamo Social Studies inaanza kama somo, hivyo mwalimu wa huko anabeba mizigo miwili siku moja. Kwetu mtaala mpya umetoa kipimo kizuri bila kukusudia: Historia ya Tanzania na Maadili inafundishwa kwa Kiswahili hata sekondari, na Historia kwa Kiingereza. Mwanafunzi mmoja, masomo mawili yanayofanana. Linganisha alama zake. Akifanya vizuri la kwanza na kuanguka la pili, mlezi wa mwalimu mgeni wa Historia awe mwalimu wa Kiingereza, na darasani wajadili kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Najua kuna wakaguzi wasiopenda kusikia hivyo.

Na hapa msingi kuna jambo linalonifanya nisite kuhusu ushauri wangu mwenyewe wa mlezi. Tangu Januari 2024, Darasa la Tatu lilipoanza mtaala mpya, Maarifa ya Jamii yanaondoka kidogo kidogo na mahali pake panakuja Historia ya Tanzania na Maadili, na Jiografia na Mazingira. Mwaka 2027 la Sita wa mtaala mpya na la Saba wa mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na mwalimu mmoja anaweza kujikuta na vitabu vya aina zote mbili mkononi. Kwa upande wa kusoma, madam wa Darasa la Kwanza atabaki na thamani ileile. Lakini kwa masomo mapya, hakuna mzoefu aliyewahi kumpeleka mtoto hata mmoja hadi mwisho. Hapo ningeweka jumuiya mbele, na madaftari mezani, na nisingeshangaa mgeni aliyetoka chuoni juzi akawa ndiye anayeulizwa maswali na wale anaowaamkia.